Kufuli ya lango inagoma alfajiri ya baridi huku Molo: ni maji, grisi, kutu au lango lenyewe?

#1 Mfugaji_Molo
Hamjambo wanajukwaa. Ninafuga ng'ombe wa maziwa upande wa juu wa Molo, takriban mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, na kila mwaka kati ya Desemba na Februari kufuli ya lango la nje hunisumbua. Saa kumi na moja alfajiri, mchukuzi wa maziwa anapopiga honi, ufunguo unaingia lakini hauzunguki; siku nyingine unazunguka nusu na upinde wa kufuli unabaki palepale. Ikifika saa tatu, jua likiwa limelipiga lango, kufuli hiyohiyo inafunguka bila taabu yoyote. Kijana wa zamu ameanza kutumia nyundo, jambo ambalo silipendi hata kidogo. Ninavyoona mimi, ni maji yanayoganda ndani ya kufuli, kwa kuwa asubuhi hizo nyasi huwa nyeupe kwa umande ulioganda. Jirani yangu anashikilia kwamba Kenya hii haina baridi ya kugandisha kufuli na kwamba ninanunua kufuli duni. Wenye ujuzi semeni: ni kitu gani hasa kinachokwama, na ninyi mnakizuia vipi?

#2 NyarNam
Pole sana, ndugu mfugaji. Huku Kisumu kufuli zetu haziijui barafu, zinakufa kwa kutu ya unyevu wa ziwa. Nina swali, hata hivyo. Mwezi wa baridi nchini si Julai? Iweje kufuli yako igome Januari, wakati sisi huku tunalala madirisha yakiwa wazi na bado tunatokwa na jasho?

#3 Mwalimu_Fizikia
Swali la NyarNam ni zuri, na jibu lake linampa mfugaji nusu ya haki. Julai na Agosti huwa na baridi kwa sababu mawingu huziba jua mchana, lakini mawingu hayohayo huifunika ardhi usiku kama blanketi, kwa hiyo joto halishuki sana kufikia alfajiri. Kati ya Desemba na Februari anga huwa wazi, hewa ni kavu, upepo umetulia, na joto la ardhi hupotelea angani usiku kucha. Hapo kitu chochote kilichoelekea juu bila kizuizi, kiwe nyasi, bati au chuma cha lango, hupoa kuliko hewa inayokizunguka. Kipimajoto kilichotundikwa kwenye kimo cha mtu kinaweza kuonyesha nyuzi 3 au 4 juu ya sifuri huku nyasi zilizo chini yake zimeganda. Wakulima wa majani chai wa Kericho na Nandi wanalijua jambo hili kwa uchungu. Januari 2012 baridi ya namna hiyo iliunguza mashamba mengi ya chai. Jirani huyo aamke saa kumi na moja siku moja atembee shambani bila viatu.

Kuhusu kufuli yenyewe, maji hayahitaji kuwa mengi. Ndani ya silinda kuna pini ndogo zinazosukumwa na springi nyembamba sana, na ufunguo hauzunguki mpaka kila pini ifike kwenye kimo chake barabara. Tone moja likiganda kando ya pini moja, springi haina nguvu za kulivunja.

#4 FundiWaSection58
Heshima kwako, Mwalimu, lakini mimi hufungua kufuli kwa kazi, wala si kwa nadharia. Ninazoletewa kutoka Molo, Elburgon na Mau Narok nikizikata kwenye jiliwa sioni dalili ya maji. Ninakuta grisi nyeusi iliyochanganyika na vumbi la barabara. Ya mwisho niliyoikata ilikuwa na pini tano: mbili za mbele zilikuwa safi kwa sababu ufunguo huzisugua kila siku, ya nne ilikuwa imezama katika utando mweusi kiasi kwamba nilipoigonga haikushuka, na springi yake ilikuwa imejikunja upande. Mwenye kufuli alikubali kuwa aliimwagia oili chafu ya trekta.

Watu wengi hawajui kwamba oili na grisi huwa nzito kadiri baridi inavyozidi. Mchana mafuta hayo yanateleza, alfajiri yanashika pini, na jua likitoka yanalegea tena. Dalili zote alizozitaja mfugaji zinaelezeka hivyo bila kuhitaji hata tone la barafu. Dawa yake ni kuosha kufuli kwa mafuta ya taa mpaka yatoke meupe, kuiacha ikauke kabisa juani, kisha kutia matone machache ya mafuta ya cherehani. Machache, si kikombe.

#5 Msafiri_Alberta
Salaam kutoka Alberta, Kanada, ingawa kwetu ni Vihiga. Huku majira ya baridi hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, na kuna siku inafika 40, ambapo kipimo cha Selsiasi na cha Farenhaiti husema namba ileile. Mafuta ya cherehani anayopendekeza fundi huku yangekwama mapema. Tunatumia vilainishi vikavu, yaani unga wa grafiti au ule wa PTFE, ambayo ndiyo iliyopakwa kwenye vikaango visivyoshika chakula. Kufuli ikishaganda tunaipulizia dawa ambayo sehemu yake kubwa ni alkoholi, kwa kuwa alkoholi huyeyusha barafu na yenyewe haigandi kirahisi. Ile ya isopropili huganda kwenye nyuzi 89 chini ya sifuri.

Kuna mambo mawili ambayo kijana wa zamu asiyafanye. Asipulize pumzi ndani ya tundu la ufunguo, kwa sababu pumzi imejaa mvuke ambao utaganda juu ya ule uliopo. Asimwage maji ya moto juu ya kufuli akadhani amemaliza kazi. Itafunguka, naam, lakini maji yatakayobaki ndani ndiyo barafu ya kesho.

#6 MlinziMstaafu
Nimelinda yadi ya mbao upande wa Mau Summit miaka mingi kabla ya kustaafu, na sikuwahi kuona hiyo PTFE. Tulikuwa na kiberiti. Unauchoma ufunguo kidogo, si kufuli, unauingiza, unasubiri, unarudia. Ufunguo wenye kichwa cha plastiki uushike kwa kitambaa na usiukaribie moto, maana kichwa kitayeyuka mkononi.

Jambo la maana zaidi ni jinsi kufuli inavyoning'inia. Kufuli inayolala ubavu, au iliyofungwa kwa mnyororo ikageuka juu chini, hupokea umande moja kwa moja ndani ya matundu ya upinde. Ining'inie wima, tundu la ufunguo likitazama ardhi. Halafu chunguza chini yake: kufuli nyingi za nje zina kitundu kidogo kando ya tundu la ufunguo, na kazi yake ni kutoa maji. Fundi wa kupaka rangi lango akipita na brashi analiziba, na tangu siku hiyo kufuli yako imekuwa chupa. Sisi tulikata kipande cha tyubu ya baiskeli, tukakitoboa, tukakivisha upinde kikaning'inia mbele na nyuma ya kufuli. Mvua haikuingia, wala vumbi.

#7 Mkaidi_wa_Kapsabet
Ninyi nyote mnazunguka mbuyu. Chuma hunywea kikipoa. Mwili wa kufuli ni shaba ya njano, upinde ni chuma, na metali hizi mbili hazinywei kwa kiasi kimoja, ndiyo maana alfajiri zinabanana na saa tatu zinaachiana. Mambo ya grisi na barafu ni mapambo tu.

#8 Mwalimu_Fizikia
Ndugu Mkaidi, tupige hesabu. Shaba ya njano hunywea takriban sehemu 19 kwa milioni kwa kila nyuzi moja, na chuma takriban 12. Chukua kipande cha milimita 20 kinachopoa kwa nyuzi 20. Tofauti kati ya metali hizo mbili inakuja chini ya milimita 0.003. Nafasi iliyoachwa kati ya sehemu za kufuli ya kawaida ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Hoja yako ni sahihi kimsingi, ila ni ndogo mno kuweza kuzuia ufunguo.

#9 Mkaidi_wa_Kapsabet
Mwalimu amehesabu kufuli akasahau lango. Naomba naye anipe nafasi ya ubaoni. Lango la mfugaji, ikiwa ni la milango miwili, lina chuma cha upana wa mita 4 hivi. Kutoka nyuzi 25 za mchana hadi sifuri ya alfajiri, kwa hizo sehemu 12 kwa milioni, chuma hicho kinanywea milimita 1.2. Nguzo zimesimikwa kwenye saruji ardhini, hazifuati. Kwa hiyo milango inavutana, komeo linavuta upinde wa kufuli, na ulimi wa ndani unaoshika upinde unabanwa usiweze kurudi nyuma.

Someni tena chapisho la kwanza. Alisema siku nyingine ufunguo unazunguka nusu na upinde haufunguki. Pini zikiwa zimeganda ufunguo hauzunguki kabisa. Ukizunguka nusu, pini zimekwisha kukubali na kinachokataa ni ulimi. Amwambie kijana aweke nyundo chini, asukume milango ikutane huku akizungusha ufunguo. Ikifunguka, mnidai soda.

#10 Mwalimu_Fizikia
Hiyo ya lango ninaikubali bila kinyongo, na soda nitainunua mimi. Haielezi, lakini, zile siku ambazo ufunguo haukuzunguka hata kidogo.

#11 Mama_Maziwa
Asanteni kwa uzi huu. Mimi niko Olenguruone na nina kufuli mbili zilizonunuliwa pamoja, duka moja, aina moja. Moja iko kwenye lango la barabarani na nyingine kwenye stoo ya lishe iliyopakana na zizi. Zote hulala nje kwenye baridi moja, lakini ya zizini ndiyo inayogoma, na sasa imeota ukungu wa kijani kuzunguka tundu la ufunguo na ufa mwembamba kama unywele ubavuni. Kama shida ni barafu, kwa nini ya barabarani haigomi? Fundi asiniambie kuwa ni oili chafu, kwa sababu mimi sitii chochote ndani ya kufuli.

#12 FundiWaSection58
Mama, kutotia chochote nako ni tatizo, lakini ukungu wa kijani sijawahi kuuona kwa kiasi hicho kwenye kufuli za mjini. Ninauacha kwa Mwalimu.

#13 Mwalimu_Fizikia
Hiyo ni amonia, Mama, inayotoka kwenye mkojo wa ng'ombe. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na ikikaa mahali penye unyevunyevu na amonia, huku yenyewe ikiwa na mkazo uliobaki tangu ilipoundwa kiwandani, hupasuka polepole. Mwanzoni mwa karne ya 20 jeshi la Uingereza nchini India liliona maganda ya risasi ya shaba ya njano yakipasuka msimu wa mvua, na kisa kikafuatiliwa hadi kwenye amonia ya mazizi ya farasi. Kwa stoo iliyo karibu na zizi ningependelea kufuli ambayo mwili wake ni wa chuma kisichoshika kutu, au walau ile iliyofunikwa kwa plastiki nzito. Ufa huo hautibiki kwa mafuta yoyote.

#14 MlinziMstaafu
Kumbe ng'ombe ndiye mwizi wa kufuli. Miaka yote hiyo tulikuwa tunawashuku vijana wa kijijini.

#15 DerevaWaFriji
Ninaendesha lori la kubeba samaki waliogandishwa kutoka Kisumu, ambako shehena hukaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi, kwa hiyo nadhani katika jukwaa hili mimi ndiye niliyeko Kenya ninayeziona kufuli zilizoganda kila wiki. Tazameni kinachotokea. Kufuli ya mlango wa nyuma inapata ubaridi kutoka kwenye chuma cha mlango, kisha hewa ya joto na unyevu ya ziwani inaigusa na kuacha matone juu yake na ndani yake, kama NyarNam anavyoyaona kwenye chupa ya soda. Tukikaa kituoni mlango ukifunguliwa na kufungwa mara kwa mara, matone hayo yanaganda. Lakini kufuli zinazoshinda ndani ya chumba cha baridi bila kutolewa nje hazina shida yoyote. Kinachoua ni kutoka baridini kwenda kwenye joto na kurudi.

Kwa hiyo ningependa kumuuliza mfugaji: hiyo kufuli hulala langoni usiku kucha, au kuna wakati huingizwa ndani?

#16 Mfugaji_Molo
Nimeuliza. Langoni hulala, isipokuwa kwamba zile asubuhi inapogoma na hatimaye kuachia, kijana huenda nayo jikoni akaiweka kando ya jiko "ipate joto," na jioni ndipo anaifunga tena. Jikoni hapo huwa kuna sufuria ya maziwa inayochemka.

#17 DerevaWaFriji
Basi mmekuwa mnaipa supu kila siku. Kufuli baridi ikiingia kwenye chumba chenye mvuke inavuta maji mpaka ndani ya silinda. Mwambie aiache langoni.

#18 NyarNam
Dereva ametumia chupa ya soda kunifundisha na nimeelewa. Swali lingine: nyumbani tuna sanitaiza iliyobaki tangu siku za korona. Si nayo ni alkoholi? Mfugaji hawezi kuitumia badala ya dawa ya Kanada?

#19 Msafiri_Alberta
Ina alkoholi, dada, na kwa shida ya usiku mmoja itafungua. Lakini ile ya jeli imetiwa kitu cha kuifanya iwe nzito pamoja na gliserini ya kulainisha ngozi, na alkoholi ikishapaa vitu hivyo vinabaki ndani vinanata. Anunue spiriti ya kawaida ya duka la dawa, aivute kwa sindano isiyo na ncha, atie kidogo tu. Akumbuke kwamba spiriti inaosha hata mafuta yaliyokuwamo, kwa hiyo kufuli ikikauka itiwe kilainishi upya. Na mzee wa #6 anisamehe, lakini spiriti na kiberiti visikutane kwenye lango moja.

#20 MlinziMstaafu
Nimesamehe. Nyusi zangu bado ninazihitaji.

#21 FundiWaSection58
Turudi kwenye grafiti, maana kuna watu tayari wameanza kusaga risasi za penseli. Ndugu wa Alberta anaishi kwenye hewa kavu. Grafiti hupitisha umeme, na ikikaa kati ya metali mahali penye maji huharakisha kutu. Molo ikifika Machi mvua ndefu zinaanza, na kilichokuwa unga mkavu Januari kinakuwa tope jeusi Aprili. Ikikutana na mafuta yaliyobaki ndani ni hivyo hivyo. Risasi ya penseli ni mbaya zaidi kwa sababu imechanganywa na udongo wa mfinyanzi.

#22 Msafiri_Alberta
Kuhusu penseli ninakubaliana na fundi. Kuhusu grafiti safi sikubali kabisa, kwani nimeona kufuli zenye unga huo zikidumu, lakini ni kweli kwamba huku theluji huanguka ikiwa kavu na kupeperuka, haiingii ndani kama mvua ya Molo. Ndiyo maana nilitaja pia PTFE, ambayo haipitishi umeme. Kinachonishangaza ni kwamba fundi hajaitaja WD-40, wakati kila gereji ya Nakuru ina kopo lake.

#23 FundiWaSection58
Sijaitaja kwa sababu watu huichukulia kuwa ni mafuta ya kulainisha. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa kazi ya kufukuza maji kwenye chuma, na herufi hizo mbili zinasimamia kazi hiyohiyo. Inafukuza maji vizuri na kusafisha uchafu, kisha sehemu kubwa inapaa na kuacha utando mwembamba. Mfugaji akiitumia kuosha, vyema. Akiitegemea msimu mzima, tutaonana dukani kwangu.

#24 Mama_Maziwa
Kwa hiyo mafuta ya taa, spiriti, au hiyo ya kopo? Naona kila mmoja ameamua la kwake. Mimi nimevisha ya barabarani tyubu ya baiskeli kama alivyosema mzee, na ya zizini nimeiondoa.

#25 Mfugaji_Molo
Nimerudi na habari za wiki hii, ambayo ilikuwa na asubuhi za nyasi nyeupe. Kwanza, kitundu cha chini kilikuwa kimezibwa na rangi ya lango, vilevile kama alivyobashiri mzee. Nimekizibua kwa sindano ya kushonea magunia, na yakatoka maji yenye rangi ya kahawia. Pili, kusukuma milango ikutane kumesaidia: kuna alfajiri ambapo ufunguo ulikuwa umekwama nusu, kijana akaegemea lango kwa bega, upinde ukaruka. Lakini asubuhi iliyofuata ufunguo haukuzunguka hata kidogo, bega lisisaidie kitu, na ni spiriti ndiyo iliyofungua. Kufuli haijaingia jikoni tena.

Jirani, kwa upande wake, amesikia habari ya kitundu na anasema hiyo ndiyo maana ya ubora duni.

#26 Mkaidi_wa_Kapsabet
Upinde uliruka, nimelisoma kwa macho yangu mawili. Mwalimu, soda yangu ni ya baridi. Sasa fundi wa kuchomelea alipanue tundu la komeo kidogo, mlipuko wa lango uwe na pa kwenda, na nusu ya matatizo haya yatakwisha.

#27 Mwalimu_Fizikia
Umesema "mlipuko" na ulimaanisha kunywea, lakini soda utapewa. Asubuhi ya spiriti ni ushahidi wa barafu, isipokuwa fundi atasema kwamba spiriti iliyeyusha grisi.

#28 FundiWaSection58
Ndivyo hasa ninavyosema. Spiriti inalegeza utando mchafu pia, kwa hiyo kipimo hicho hakitofautishi. Mfugaji, siku ya soko niletee kufuli hiyo kabla hujaiosha, nami nitaikata mbele yako tuone pini zimekaa vipi. Njoo na nyingine ya kufungia lango, ya mwili wa shaba na upinde usioshika kutu, kwa sababu hiyo ya sasa hairudi nyumbani ikiwa nzima.

#29 Mfugaji_Molo
Nitaileta, fundi. Spiriti nimeiweka kwenye stoo kwa ajili ya kijana.

#30 Msafiri_Alberta
Stoo hiyo nayo inafungwa kwa kufuli?